Nani Atajenga Bweni? Sarufi ya Mpango wa Muda Mrefu wa Shule ya Bweni ya Wasichana kwa Mtazamo wa Gatete, Rumonge

Ikisiri

Makala haya yanaeleza jinsi umbo la sentensi linavyoathiri utekelezaji wa mpango wa muda mrefu katika shule ya bweni ya wasichana. Hoja kuu ni kwamba mipango mingi ya shule huandikwa kwa vitenzi-jina na kwa kauli ya kutendwa, maumbo yanayoruhusu mtenda kufichwa. Madhara ya mazoea hayo ni makubwa zaidi pale ambapo wanaoubeba mpango, yaani wapishi, walezi wa mabweni, wazazi na wanafunzi wenyewe, hawaimiliki lugha ambayo mpango umeandikwa. Mifano inatokana na mwambao wa Burundi wa Ziwa Tanganyika, kwa kulinganisha na Tanzania na Uganda.

Istilahi za msingi: mpango mkakati, kitenzi-jina, kauli ya kutendwa, hali ya masharti, shule ya bweni

1. Utangulizi

Serikali ya Burundi imejiwekea dira ya kuwa nchi inayoinukia ifikapo 2040 na nchi iliyoendelea ifikapo 2060. Msichana mwenye umri wa miaka 15 mwaka 2026 atakuwa na miaka 29 mwaka 2040, na miaka 49 mwaka 2060. Kwa hiyo miaka inayotajwa katika dira hiyo haiko mbali kama inavyosikika. Ni miaka ya utu uzima wa mtu ambaye leo analala bwenini. Mpango wa muda mrefu wa shule anakolala mtu huyo unastahili kusomwa kama tunavyosoma mkataba, neno kwa neno.

Makala yanaitazama shule ya aina hiyo kutoka Gatete, eneo lililo Rumonge katika uwanda wa Imbo, kusini mwa Bujumbura. Eneo hili halikuchaguliwa kwa kubahatisha. Rumonge ni kitovu cha michikichi na mawese nchini Burundi, na ni mojawapo ya sehemu chache za nchi hiyo ambako Kiswahili ni lugha ya kila siku: sokoni, bandarini, misikitini, na penye mialo ambako wavuvi wanauza ndagala. Shule za sekondari hufundisha kwa Kifaransa, na nyumba nyingi huzungumza Kirundi. Mpango wa shule ukiandikwa, huandikwa katika lugha ya kwanza kati ya hizo za shule, husomwa na wachache, kisha hutekelezwa, kama utatekelezwa, na watu wanaoongea nyingine mbili. Makala hayatathmini shule yoyote mahususi. Yanaeleza tatizo ambalo mkuu wa shule, mjumbe wa kamati ya wazazi au mtawa msimamizi wa bweni katika mwambao huu hatashindwa kulitambua.

2. Dira, ruwaza na dhima

Mpango mkakati wa shule kwa kawaida huwa wa miaka mitano. Huanza na maelezo ya hali ilivyo, hutaja dira na dhima, hushuka hadi kwenye malengo na shabaha, kisha hufunga kwa jedwali la bajeti na viashiria vya kupimia maendeleo. Mpango wa muda mrefu hufuata umbo hilohilo, ila upeo wake ni miaka kumi, kumi na mitano au zaidi, na humo ndimo yanamoingia mambo ambayo miaka mitano haiyatoshi: ardhi, maji, paa, miti ya kuni, na sifa ya shule.

Istilahi za upangaji katika Kiswahili hazijatulia. Tanzania ilikuwa na Dira ya Taifa ya Maendeleo 2025 na sasa ina Dira 2050. Kenya ina Ruwaza ya 2030. Dira ni chombo cha baharia cha kumwonyesha upande. Ruwaza ni kielelezo cha kufuatiza. Hakuna hata moja kati ya maneno hayo mawili linalomaanisha mahali pa kufikia, ingawa katika nyaraka nyingi za shule dira imegeuzwa kuwa bandari: “Kuwa shule bora ya wasichana katika kanda.” Baharia anayeitazama dira na kudhani ameshafika ana hatari kubwa kuliko yule asiye na dira kabisa.

Neno dhima lina uzito zaidi. Asili yake ni Kiarabu, na katika matumizi ya Waswahili, hasa Waislamu, dhima ni jukumu linalomkaa mtu shingoni, ambalo ataulizwa. Mzee wa Rumonge akiambiwa kwamba “dhima ya shule ni kumlea msichana”, haelewi kauli ya kujipamba. Anaelewa kwamba shule imekubali deni. Nadhani yeye ndiye anayelielewa neno hilo sawasawa, na waandishi wa mipango ndio waliolilegeza.

Kwamba istilahi za mpango zinaweza kuwa mali ya umma, ushahidi upo. Tanzania ilipotekeleza Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, MMEM, kuanzia 2002 hadi 2006, na ule wa sekondari, MMES, kuanzia 2004 hadi 2009, vifupisho hivyo vilishuka mpaka vijijini. Watu walisema “madarasa ya MMEM” kama wanavyosema “kisima cha mzungu”. Wazazi walioshiriki kubeba mawe na mchanga waliweza kuuliza fedha za MMEM zimefika ngapi, kwa kuwa jina la mpango lilikuwa katika lugha yao. Mpango haukuwa bora kwa sababu hiyo tu, lakini uliweza kuulizwa.

3. Sentensi isiyo na mtu

Tuingie sasa katika sarufi yenyewe. Lengo la kawaida katika mpango wa shule husomeka hivi: “Kuboresha mazingira ya bweni.” Au hivi: “Bweni jipya litajengwa.” Sentensi ya kwanza ni kitenzi-jina. Kiambishi ku- kimeondoa vitu viwili ambavyo kitenzi cha Kiswahili hubeba kwa kawaida: nafsi na njeo. Hatujui nani, hatujui lini. Sentensi ya pili ina njeo, lakini kauli ya kutendwa imemfanya bweni kuwa kiima, na mtenda ameachwa nje.

Ni vema kutenda haki hapa. Kiswahili hakilazimishi kumficha mtenda. Tunaweza kusema “bweni litajengwa na kamati ya wazazi”, na sentensi ikakaa sawa. Kauli ya kutendwa inaruhusu ukimya. Waandishi ndio wanaouchagua. Wala mazoea haya si ya Kifaransa pekee. Kiswahili cha ofisini Tanzania na Kenya, kilichozoea kutafsiri kutoka Kiingereza, kimejaa kuimarisha, kuhamasisha, kuwezesha na kujenga uwezo, vitenzi vinavyotembea bila miguu.

Nilipokuwa mwanafunzi wa bweni, katika shule ambayo sitaitaja, mpango wa shule ulikaa katika kabati la vioo ofisini. Mlezi wetu wa bweni alipoulizwa kuhusu magodoro, alijibu kwa upole kwamba “magodoro yamepangwa”. Tulilalia neno hilo miaka miwili. Sikumlaumu wakati ule na simlaumu sasa, kwa sababu yeye mwenyewe hakujua aliyepanga. Alikuwa amepokea sentensi isiyo na mtu na akaipitisha kwetu kama alivyoipokea.

Kiambishi cha njeo nacho kina lake. Baadhi ya lugha za Kibantu hutofautisha wakati ujao wa karibu na wa mbali kwa viambishi tofauti. Kiswahili sanifu kina -ta- kwa yote: “tutakula” jioni hii na “tutajenga” mwaka 2060 ni njeo ileile. Katika mazungumzo hilo halina shida, kwa kuwa muktadha hutusaidia. Katika mpango wa miaka kumi na mitano, -ta- isiyofuatwa na tarehe ni mlango ulioachwa wazi. Kwa hiyo sentensi ya mpango inahitaji kusaidiwa na “kabla ya”, “ifikapo”, “kila mwaka mwezi wa”. Linganisha “Ukarabati wa paa utafanyika” na hii: “Mhasibu wa shule ataweka akiba ya paa kila muhula kuanzia Septemba 2026, na mkuu wa shule ataisomea kamati ya wazazi salio lake kila Julai.” Ya pili ni ndefu na haina mvuto. Lakini mzazi akiisikia ikisomwa Kiswahili au Kirundi, anajua wa kumuuliza na siku ya kumuuliza.

Pingamizi linalotolewa mara nyingi ni kwamba mwandishi wa mpango hawezi kumjua mtenda wa mwaka wa kumi. Ni kweli. Ila kutomjua ni habari, na habari hiyo inastahili kuandikwa: “Mjenzi na mfadhili wa bweni hawajapatikana, bodi itawatafuta hadi Desemba 2028, na ikiwakosa itapunguza idadi ya vitanda.” Mpango unaokiri hivi unaonekana dhaifu mbele ya mgeni. Mbele ya mtunza stoo ni mpango wenye manufaa.

Rumonge inatoa sababu ya ziada ya kumtaja mtenda kwa wadhifa unaodumu na si kwa jina la ofisi ya juu. Hadi 2015 Rumonge ilikuwa katika mkoa wa Bururi. Mwaka huo ikawa mkoa wenyewe. Kwa mgawanyo mpya wa mikoa mitano ulioanza kutumika 2025, Rumonge ni wilaya ndani ya mkoa wa Burunga. Mpango wa miaka kumi na mitano ulioandikwa 2012 na kuukabidhi mkoa majukumu ungekuwa umeshapita katika ofisi tatu kabla ya kumalizika. Muundo wa shule nao ulibadilika: mageuzi ya 2013 yaliunda elimu ya msingi ya miaka 9, ikifuatwa na miaka 3 ya juu, na madarasa ya saba hadi ya tisa yakahesabiwa upande wa msingi. Shule iliyokuwa imehesabu vitanda kwa wasichana wa miaka 13 ilibidi ihesabu upya. Mhasibu, mlezi wa bweni na mwenyekiti wa wazazi walikuwepo katika vipindi vyote hivyo.

4. Ziwa likipanda

Sehemu ya mpango inayoitwa vihatarishi huandikwa mwishoni, mara nyingi kwa haraka. Mwambaoni haifai kuwa hivyo. Ziwa Tanganyika lina njia moja tu ya kutoa maji, mto Lukuga upande wa Kongo, na usawa wake hupanda na kushuka kwa mizunguko mirefu kuliko mpango wowote wa shule. Katika karne ya 19 Lukuga iliziba kwa mchanga na magugu, ziwa likajaa; kizuizi kilipovunjika karibu na 1878, maji yalishuka kwa mita kadhaa katika miaka iliyofuata. Mvua kubwa zilizoanza 1961 zililiinua tena hadi kilele cha 1964. Tangu 2020 limepanda kwa mara nyingine, likaingia katika nyumba na majengo ya bandari huko Rumonge na kuwahamisha watu wa Gatumba, karibu na Bujumbura. Sheria ya maji ya Burundi inaweka ukanda wa mita 150 kando ya ziwa hili usiojengwa.

Wazee waliokuwa watoto mwaka 1964 walikuwa bado hai maji yaliporudi. Kumbukumbu yao ya mahali mawimbi yalipofika ilikuwa ramani ambayo mhandisi angeilipia, lakini haikuulizwa, kwa kuwa mkutano wa mpango haufanywi katika lugha wanayoizungumza. Gatete kwenyewe si lazima pawe ukingoni mwa maji. Barabara, soko, gati na nyumba za wazazi wa wanafunzi viko ukingoni, na kipindupindu, ambacho hurudi mara kwa mara katika mwambao huu, hakisubiri mafuriko yafike getini mwa shule.

Kisarufi, Kiswahili kinatupa chaguo lenye maana. “Ziwa lingepanda, tungehamisha bweni” inaweka tukio katika dhana tu. Msikilizaji anaelewa kwamba halitarajiwi. “Ziwa likipanda, mkuu wa shule atawahamishia wasichana madarasa ya juu siku hiyohiyo” inalichukulia tukio kuwa la kweli, lisilojulikana siku yake tu. Kwa mujibu wa historia ya ziwa hili, -ki- ndiyo kiambishi sahihi. Sijui njia fupi zaidi ya kufundisha mpango wa dharura kuliko kuwaamuru waandishi wautunge wote kwa -ki-.

Chakula kinafuata mantiki ileile. Ndagala ni kitoweo cha shule nyingi za mwambao: wanakauka, wanahifadhika, wanagawika. Huvuliwa usiku kwa taa, na mbalamwezi ikiwa kubwa uvuvi hupungua. Kila mpishi anajua hilo bila mpango. Jipya ni kufungwa kwa uvuvi. Kwa makubaliano ya nchi nne zinazopakana na ziwa, upande wa Tanzania ulifungwa kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti 2024 ili samaki wazaliane. Miezi hiyo inaangukia muhula wa tatu wa shule za Burundi, wakati wa mitihani. Bajeti inayogawanya kitoweo kwa mafungu sawa ya mwaka itakuwa sahihi katika jedwali na pungufu mezani. Mpishi angeweza kuirekebisha kwa dakika tano.

5. Lugha inayolala bwenini

Shule ya bweni, tofauti na ya kutwa, ina lugha mbili za kupanga: ya darasani na ya usiku. Mwambao wa Rumonge una historia inayofanya jambo hili liwe zito. Machafuko ya 1972, yaliyoanzia kusini mwa nchi, Rumonge ikiwemo, na mauaji yaliyofuata yaliwakimbiza watu wengi hadi Tanzania, ambako waliishi katika makazi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Watoto wao walisoma kwa mtaala wa Tanzania, kwa Kiswahili. Baadaye Tanzania iliwapa uraia zaidi ya watu 160,000 wa kundi hilo, na wengine takriban 50,000 walichagua kurudi Burundi, wengi wao wakiwa 2008 na 2009. Waliorudi Rumonge na Nyanza-Lac walikuta ardhi ina watu wengine na shule ina lugha nyingine.

Msichana aliyemaliza darasa la saba Katumba akiwa wa kwanza alipoingia darasa la Kifaransa aligeuka mjinga kwa siku moja. Leo yeye ni mama, na binti yake ndiye anayetakiwa kupelekwa bweni. Mama huyo anasoma na kuandika vizuri kabisa, ila si katika lugha ya barua zinazotoka shuleni. Mpango unapomwita “mdau”, unamweka safu moja na mfadhili na ofisa wa elimu, kisha unamwandikia katika lugha inayomrudisha kwenye siku ile ya aibu.

Kiswahili kimo katika mtaala wa shule za msingi za Burundi tangu katikati ya muongo wa 2000, wakati nchi ilipokuwa ikijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyoipokea rasmi 2007. Mara nyingi hutetewa kwa hoja ya biashara na mipaka. Hoja yangu ni ya ndani zaidi ya uzio: Gatete Kiswahili hakihitaji kuingizwa katika shule, kimo jikoni, kwenye kamba za kuanikia nguo na katika simu za Jumapili. Mpango unaokitambua unaweza kukitumia. Usiokitambua utalipia wakalimani au, kama ilivyo kawaida, utalipia ukimya.

Kuna neno moja linaloonyesha gharama ya ukimya huo. Katika Kirundi hedhi huitwa ubutinyanka, neno linalofungamanishwa na kuogopa ng’ombe, kwa kuwa mwanamke aliye katika siku zake alizuiwa kukaribia mifugo. Kiswahili kina tafsida zake: yuko mwezini, ameona siku zake. Tafsida ni adabu, na sitetei kuzifuta kinywani mwa mtu. Lakini jedwali la bajeti halielewi tafsida. Pale ambapo mpango unaandika “mahitaji maalumu ya wasichana” badala ya hedhi, taulo za kike, sabuni, ndoo yenye mfuniko na mahali pa kuchoma taka, fungu hilo huwa la kwanza kukatwa, kwa kuwa mwanamume anayelikata hajui anakata nini, na mwanamke anayejua anaona haya kumwambia. Katika shule ya wasichana 300 hilo ni jambo la kila siku ya mwaka, na maji yake lazima yahesabiwe katika ukubwa wa tangi.

6. Waliokaa muda mrefu

Tabora Wasichana ilianza 1928, na Gayaza ya Uganda, iliyoanzishwa na wamisionari wa Kianglikana, ilianza 1905. Zimepita chini ya serikali nyingi. Umri huo hautokani na nyaraka. Sehemu kubwa unatokana na ardhi iliyoshikiliwa vizuri na watu waliokaa. Mfano ulio karibu zaidi na wasomaji wa Kiswahili ni Weruweru mkoani Kilimanjaro, ambayo Maria Kamm, maarufu kwa jina la Mama Kamm, aliiongoza kwa takriban miongo miwili. Elimu ya Kujitegemea ya 1967 ilizitaka shule zote zilime na kufuga. Pale ilitekelezwa kwa uzito, na shamba na mifugo vikawa sehemu ya malezi ya wasichana.

Kwa mtazamo wa makala haya, kukaa huko kuna maana ya kisarufi. Mkuu anayedumu miaka ishirini ndiye mtenda aliyekosekana katika sentensi. Watu walijua “litajengwa” lina nani nyuma yake. Mfumo wa leo unawahamisha wakuu wa shule kila baada ya miaka michache, na sidhani tutarudi kwa wakina Mama Kamm kwa kutamani tu. Mkuu anapohama, anachoacha ni sentensi. Ndiyo maana sentensi zinapaswa kubeba kile ambacho zamani kilibebwa na mtu mmoja.

Pendekezo la kiutendaji ni dogo. Shule iandike mpango wake kamili katika lugha inayotakiwa na wizara, kisha itoe nakala ya kurasa nne kwa Kirundi na Kiswahili, ambayo si tafsiri bali ni orodha ya viima: kila mwenye wadhifa na anachokidaiwa, kwa tarehe. Nakala hiyo isomwe kwa sauti mara moja kwa mwaka, mwezi wa Septemba, wazazi wanapoleta mabinti na masanduku. Asome mlezi wa bweni, si mkuu wa shule. Mzazi awe na haki ya kumkatiza kwa swali moja, “Nani?”, na mlezi asipoweza kulijibu, sentensi hiyo irudishwe kwa bodi ikaandikwe upya kabla ya lori la mizigo kuondoka uwanjani.